Umemetuamo na uga wa umeme: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Vitabu vingi vya fizikia vimerithi mifano ya nchi za baridi: unashika kitasa cha mlango unapigwa, unavua sweta nywele zinasimama. Mwanafunzi wa Mikindani anasoma hayo, anajaribu, haoni kitu, anahitimisha kwamba mada hii ni ya kukariri tu. Majibu ya hapa yanaanzia kwenye mazingira yetu: bahari, mikorosho, mapaa ya bati na radi za kifuku.

Umemetuamo ni nini hasa?

Ni chaji ya umeme iliyokusanyika juu ya kitu na kukaa hapo, bila kutiririka, mpaka ipate njia ya kuondoka. Umeme wa nyumbani ni chaji inayotembea kwenye waya. Chaji zenyewe ni zilezile. Tofauti ni kwamba hizi zimetuama na zile zinakwenda.

Nikisugua rula ya plastiki, chaji inatoka wapi?

Haitengenezwi, inahamishwa. Kila atomu ina kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na kando ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi. Kwa kawaida idadi inalingana, kwa hiyo kitu kizima hakionyeshi dalili yoyote. Vitu viwili vya aina tofauti vikigusana kisha vikaachana, elektroni chache za kimoja hubaki kwa mwenzake. Kilichopokea kinakuwa hasi, kilichotoa kinakuwa chanya, na ukijumlisha unapata sifuri kama mwanzo. Protoni hazihami, zimefungwa ndani ya kiini.

Kusugua kwenyewe si lazima. Kunasaidia tu kuongeza sehemu zinazogusana. Selotepu ikibanduliwa kwa haraka hupata chaji bila kusuguliwa hata kidogo.

Kioo kikisuguliwa kwa hariri hubaki chanya; plastiki nyingi zikisuguliwa kwa sufu hubaki hasi. Majina ya chanya na hasi yalitoka kwa Benjamin Franklin wa Marekani katika karne ya 18, wakati hakuna aliyejua kuna elektroni. J. J. Thomson alikuja kuitambua mwaka 1897, na mkondo wa kwenye michoro ukawa tayari umezoeleka kuchorwa kinyume na elektroni zinavyokwenda. Wanafunzi wanaolalamika kuhusu hilo wana haki ya kulalamika.

Ni kweli sandarusi nayo huvuta vitu?

Ndiyo. Pwani yetu iliuza sandarusi kwa wingi katika karne ya 19, ikaenda Ulaya na Marekani kutengenezewa vanishi. Ni utomvu wa mti uliokauka na kukaa ardhini muda mrefu, jamaa wa kaharabu ambayo Wayunani wa kale waliona ikisuguliwa inavuta vitu vyepesi. Utomvu mkavu wa namna hiyo ni kihami, yaani hauachii chaji ipite. Ukiwa na kipande kikavu, kisugue kwa kitambaa taratibu, kisogeze karibu na unyoya au vumbi la pamba. Usikazane sana, maana ikipata joto inaanza kunata.

Mbona jaribio la chanuo na vipande vya karatasi linagoma Mtwara mjini?

Walimu wa pwani wanalijua swali hili, na wengi hulikwepa kwa kuchora jaribio ubaoni badala ya kulifanya. Sababu ni maji. Hewa yetu ina mvuke mwingi, hasa kuanzia Desemba hadi Aprili. Mvuke huo hukaa juu ya chanuo, rula au puto kama utando mwembamba usioonekana kwa macho. Upepo wa bahari nao unaleta chumvi, kwa hiyo utando huo ni maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Chaji inatambaa juu ya plastiki, inafika kwenye vidole vyako, inashuka ardhini. Unasugua na huku inavuja.

Hapa kuna kosa linalorudiwa hata na wasomi: kusema hewa yenye unyevu hupitisha umeme. Hewa, hata ikiwa na mvuke tele, bado ni kihami. Kinachovujisha chaji ni uso wa kitu. Ukilielewa hilo unajua pa kushughulikia: kausha uso, achana na hewa.

Osha rula kwa sabuni ili kuondoa mafuta na chumvi. Suuza kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya visima vingi vya karibu na bahari yana chumvi na utairudisha uliyoiondoa. Ianike juani pamoja na kitambaa cha kusugulia na vipande vya karatasi, kisha fanya jaribio hapohapo vingali na joto. Kama hakuna jua, vipitishe kwa mbali juu ya joto la jiko la mkaa. Ukivisogeza karibu mno rula itapinda. Nywele zilizopakwa mafuta hazifai kabisa. Saa saba mchana ni bora kuliko saa mbili asubuhi, kwa kuwa hewa ikipata joto unyevu wake linganifu hushuka. Miezi ya Juni hadi Septemba, kusi inapovuma, ndiyo mizuri zaidi, na shule za bara kama Nachingwea, Masasi na Liwale zina nafuu kuliko zile za Shangani au Kilwa Masoko.

Yote yakishindikana, chukua selotepu. Bandika kipande mezani, cha pili juu yake. Vibandue vyote viwili pamoja, vipitishe mkononi taratibu ili kuondoa chaji ya mwanzo, kisha vitenganishe kwa haraka. Vikikaribiana vitavutana. Tengeneza jozi nyingine ya namna hiyohiyo, chukua kipande cha juu kutoka kila jozi: hivyo viwili vitasukumana. Kwa dakika tano darasa zima limeona kwamba chaji zinazofanana husukumana na zinazotofautiana huvutana, tena siku ya mvua, maana uso uliobanduliwa sasa hivi haujapata muda wa kushika unyevu.

Chanuo la chuma je?

Haliwezi kushika chaji ukilishika kwa mkono mtupu. Chuma ni kipitishi, yaani huachia chaji ipite, na mwili wako pia, kwa hiyo chaji inaondoka papo hapo. Lifunge mpini wa plastiki kavu na mambo yanabadilika.

Karatasi haina chaji. Sasa inavutwaje?

Rula yenye chaji hasi huzisukuma elektroni za karatasi kidogo kuelekea upande wa mbali. Upande wa karibu na rula unabaki na upungufu, yaani chanya kidogo. Upande huo unavutwa, ule wa mbali unasukumwa, lakini kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, kwa hiyo mvuto unashinda. Wakati mwingine kipande kinaruka kikanasa kwenye rula, kisha ghafla kinarushwa mbali. Kimegusa, kimepokea chaji ileile ya rula, na sasa kinasukumwa.

Uzi mwembamba wa maji ya bomba nao hupinda ukisogezewa rula iliyosuguliwa. Jaribu, ila usiilowanishe rula.

Uga wa umeme ni nini? Ni kitu au ni hesabu tu?

Chaji haihitaji kugusa chaji nyingine ili kuisukuma. Nafasi yote inayoizunguka imebadilika hali, na popote utakapoweka chaji ya pili itakuta kani inaisubiri, yenye ukubwa na mwelekeo wake. Hali hiyo ya nafasi ndiyo uga wa umeme. Mwelekeo wake, kwa makubaliano, ni ule ambao chaji chanya ingesukumiwa. Ukubwa wake ni kani (hupimwa kwa nyutoni) kwa kila kulombi moja, ambayo ni kipimo cha chaji, na kipimo chake, nyutoni kwa kulombi, ni sawasawa na volti kwa mita.

Michael Faraday wa Uingereza, ambaye hakusoma hesabu za juu, aliuchora uga kwa mistari inayotoka kwenye chaji chanya na kuingia kwenye chaji hasi. Mistari ikisongamana, uga ni mkali. Ikitawanyika, ni dhaifu. Haikatani kamwe, kwa kuwa mahali pamoja hapawezi kuwa na mielekeo miwili ya kani. Ni michoro, sawa, lakini uga wenyewe upo: unabeba nishati, na mawimbi ya redio yanayoifikia simu yako ni uga wa umeme na uga wa sumaku zikisafiri pamoja.

Hata siku ya jua kali, ukisimama mahali pa wazi kama ufukwe wa Msimbati, kuna uga wa takriban volti 100 kwa kila mita kutoka angani kuelekea ardhini. Hupigwi kwa sababu mwili wako ni kipitishi. Chaji zake hujipanga upya mpaka tofauti kati ya kichwa na miguu inafutika. Wingu la radi likiwa juu yako uga huo unaweza kufika maelfu ya volti kwa mita.

Kani kati ya chaji mbili inahesabiwaje?

Kwa kanuni ya Coulomb, Mfaransa aliyeitoa mwaka 1785. Zidisha chaji ya kwanza kwa ya pili, gawanya kwa kipeo cha pili cha umbali, kisha zidisha kwa bilioni 9 (ukitumia kulombi, mita na nyutoni).

Chukua chaji mbili, kila moja sehemu moja ya milioni ya kulombi, umbali wa sentimita 10. Kani ni nyutoni 0.9, karibu sawa na uzito wa kitu cha gramu 90. Zitenganishe hadi sentimita 20 na kani inashuka hadi nyutoni 0.225, yaani robo. Umbali mara mbili, kani robo. Wanaojibu nusu kwenye mtihani ni wengi.

Sehemu moja ya milioni inaonekana ndogo, lakini hiyo ni elektroni kama trilioni 6. Isitoshe, mpira wa nusukipenyo cha sentimita 5 hauwezi kuibeba hewani. Uga kwenye uso wake ungekuwa volti milioni 3.6 kwa mita, na hewa huvunjika ukifika takriban milioni 3. Hapo inageuka kuwa kipitishi na cheche inaruka. Kulombi moja nzima, iliyotuama juu ya mpira wa mkononi, ipo kwenye maswali ya mitihani tu.

Inakuwaje volti 3,000 za cheche inayoruka kidoleni zisiniue, na volti 230 za ukutani ziue?

Tone la maji likidondoka kutoka kilele cha mnazi linakulowesha kichwa. Mto wa Ruvuma, hata ukishuka taratibu, unakubeba. Volti ni kimo, na kimo peke yake hakitoshi. Cheche ya kidole ina nishati ya chini ya jouli moja, na inaisha ndani ya muda mfupi mno. Soketi ya ukutani haiishi. Inaendelea kusukuma mkondo kupitia moyo wako mpaka mtu azime swichi.

Napulizia mikorosho salfa, na wakati mwingine mashine inanipiga. Imeharibika?

Huenda ni nzima kabisa, na maelezo yake ni ya kale. Miaka ya 1660 Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg huko Ujerumani, alitengeneza tufe la salfa, akalizungusha huku akilisugua kwa mkono. Lilivuta manyoya na kutoa milio ya cheche. Ilikuwa miongoni mwa mashine za kwanza za umemetuamo duniani, na malighafi yake ni unga uleule unaopuliziwa Tandahimba na Newala kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga.

Salfa ni kihami kikali. Punje zake zikipita kwa kasi ndani ya bomba la plastiki zinasuguana nalo. Punje zinaondoka na chaji ya aina moja, bomba linabaki na ya pili. Wewe umebeba mashine mgongoni, umevaa mabuti ya mpira yanayokutenga na ardhi, na msimu wenyewe wa kupulizia ni kiangazi, hewa ikiwa kavu. Chaji inajikusanya. Ukigusa tawi au mwenzako, inaruka.

Kuna faida ndani yake. Punje yenye chaji ikikaribia jani, jani hilo, ambalo limeungana na ardhi kupitia mti, hupata chaji ya kinyume na kuivuta. Unga unanata vizuri zaidi.

Hatari ni moto. Vumbi la salfa likitanda hewani linaweza kulipuka kwa cheche. Baadhi ya mashine za unga huja na waya au mnyororo mwembamba unaoburuta chini ili chaji ishuke ardhini. Kama ya kwako ilikuwa nao na fundi akaukata kwa kuuona unakera, mwambie aurudishe. Usivute sigara shambani wakati huo, usijaze petroli injini ikiwa bado ya moto, na usikung'ute mifuko ya salfa ndani ya stoo iliyofungwa. Hili la stoo watu wanalipuuza kuliko yote.

Kwa nini sheli wanasema dumu liwekwe chini?

Petroli ikipita kwenye mpira wa pampu hutenganisha chaji, na dumu la plastiki haliruhusu chaji hiyo ishuke. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche ya nishati ya karibu robo ya elfu ya jouli. Cheche ya kidole ya volti 3,000 ina takriban mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo dumu liwekwe sakafuni, si juu ya pikipiki wala nyuma ya pikapu yenye zulia la plastiki. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu. Mafuta yaingie polepole. Na gusa chuma cha mwili wa gari kabla hujashika pampu.

Radi inatokeaje?

Ndani ya wingu refu la mvua, chembe za barafu na vipande vizito vya barafu laini hugongana. Hata juu ya Lindi, kilomita kadhaa angani ni baridi ya kugandisha. Vile vyepesi hupanda vikiwa chanya, vizito hubaki chini vikiwa hasi. Sehemu ya chini ya wingu ikijaa chaji hasi, inazisukuma elektroni za ardhini mbali, na uso wa ardhi chini yake unakuwa chanya. Ni jambo lilelile la rula na karatasi kwa ukubwa wa wilaya.

Kisha njia ya hewa iliyovunjika inashuka kwa hatua za makumi ya mita, na kutoka ardhini, kwenye vitu virefu na vyenye ncha ambako uga umesongamana, njia nyingine zinapanda kuipokea. Zikikutana, mkondo wa kama ampia 30,000 unapita, na hewa inafika joto la takriban nyuzi 30,000 za Selsiasi, kupita uso wa jua mara tano. Hewa hiyo inatanuka ghafla, nasi tunasikia ngurumo. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawanya kwa 3, umepata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Bati linavuta radi? Na kioo, na nguo nyekundu?

Kioo na nguo nyekundu, hapana. Bati nalo halivuti kwa kuwa ni bati. Radi inachagua zaidi kimo na ncha. Tatizo la bati ni kwamba likipigwa na halina njia nene ya kushuka ardhini, mkondo unatafuta njia yake: waya za taa, ukuta uliolowa, mtu aliyeegemea. Fundi akiunganisha bati kwa waya mnene wa shaba na fimbo iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu, nyumba ya bati inakuwa salama kuliko ya makuti, ambayo huwaka.

Wazee wanasema radi ikirudi boma lilelile imetumwa. Fizikia inasemaje?

Inaangalia mahali kwanza. Nyumba iliyo ukingoni mwa uwanda wa Newala, au yenye mnazi mmoja mrefu ubavuni, itapigwa tena kwa sababu ileile iliyoifanya ipigwe mwanzo. Ghorofa la Empire State kule New York hupigwa mara 20 hivi kila mwaka. Shikamoo kwa wazee, lakini kabla ya kumtazama jirani, tazameni mnazi.

Nikikutwa na mvua shambani, nikae chini ya mkorosho?

Usikae, hata kama kivuli chake ni kipana na wenzako wote wamo. Radi ikipiga mti, mkondo unaweza kuruka kutoka kwenye shina kuja kwako, kwa kuwa mwili unapitisha vizuri kuliko mti. Halafu unasambaa ardhini, na tofauti ya volti kati ya mguu wako wa kulia na wa kushoto inatosha kuua. Ng'ombe hufa wengi kwa njia hiyo, miguu yao ya mbele na ya nyuma ikiwa mbali. Kama hakuna jengo wala gari, nenda mbali na miti iliyosimama peke yake, chutama, miguu ikiwa pamoja, na mtawanyike.

Ndani ya gari ni matairi ndiyo yanakinga?

Hapana. Radi imekwisha kuruka kilomita nzima za hewa. Sentimita chache za mpira haziizuii. Kinga ni mwili wa chuma unaokuzunguka. Chaji husambaa upande wa nje wa kipitishi na uga wa ndani unabaki karibu sifuri, jambo ambalo Faraday alilionyesha mwaka 1836 kwa kuingia mwenyewe ndani ya chumba alichokizungushia metali. Funga vioo, usishike chuma. Bajaji na bodaboda hazina kinga hiyo.

Kuna matumizi yoyote ya maana ya umemetuamo?

Mashine ya fotokopi. Chester Carlson alipata nakala yake ya kwanza mwaka 1938: sura ya maandishi inachorwa kwa chaji, unga wa wino unanata penye chaji, joto linaugandisha kwenye karatasi. Viwanda vya saruji na mitambo ya makaa ya mawe hunasa vumbi la bomba la moshi kwa njia hiyohiyo ya kulipa chaji na kulivuta kwenye bamba za chuma.

Naweza kutengeneza kipima chaji nyumbani?

Ndiyo, elektroskopu ni ya bei ya chini. Tafuta chupa ya kioo yenye mfuniko wa plastiki, kausha ndani yake juani. Toboa mfuniko, pitisha waya mnene wa shaba, ziba tundu kwa nta ya mshumaa. Upande wa ndani pinda waya kama ndoano na uning'inize vipande viwili vyembamba vya foili, vigusane. Upande wa nje viringisha foili iwe kitufe. Sogeza rula iliyosuguliwa karibu na kitufe bila kukigusa: foili zinaachana, kwa sababu elektroni zimesukumwa chini na vipande vyote viwili vimekuwa hasi. Ondoa rula, zinarudi. Zikigoma kuachana, kagua nta kwanza. Mara nyingi imeshika unyevu, au waya unagusa ukingo wa chupa.